Inama Ucheki Shelfu ya Chini

Supa inadanganya wasee. Ukiingia ya Kitengela, ya Kisumu ama ya Nyali, taa ni zile zile, kuku wanazunguka kwa oveni ile ile, na keshia nchi nzima ako na swali moja: “Uko na kadi ya pointi?” Unatoka hapo ukidhani Kenya yote inakula kutoka sufuria moja. Zii. Hiyo ni juu umeangalia shelfu ya macho. Inama kiasi, cheki ile ya chini kabisa, yenye shosh huitanga mtu amsaidie kuchukua kitu. Hapo ndio tao husema ukweli.

Nasema hivi juu ni mboka yangu. Mimi ni machandaiza. Ushawahi ona msee amepiga goti kwa korido ya unga, amevaa t-shati ya kampuni fulani, anavuta pakiti za nyuma akizileta mbele? Huyo ni mimi ama beshte yangu. Wateja hutuuliza chumvi iko wapi wakidhani sisi ni wa supa, lakini supa haitulipi hata ndururu. Tunalipwa na mwenye bidhaa. Kazi yenyewe kuielezea ni rahisi, mgongo ndio unajua: ya kuexpaya mapema inakaa mbele, jina linaangalia mteja, shimo lisionekane. Bidhaa ikiisha na hujapiga simu, umejimaliza.

Alafu kuna siasa ya urefu. Shelfu ya macho ni plot ya Karen: kila kampuni inaitaka, na wenye ganji ndio wanajenga hapo. Ya kiuno ni Buruburu. Ya chini, karibu na pale mopu hupita, ndio hupewa vitu za wenyeji, zile watu wa hiyo tao wakizikosa watateta mbaya, lakini hazina mdosi wa kuzipigania zipande.

Nilianzia Nairobi, nikatumwa Mombasa, nikapelekwa Kisumu, nikarudishwa Nairobi tena. Kila branchi, shelfu ya macho niliipanga nikiwa nusu usingizini. Ya chini nilikuwa naomba mwenyeji anifunze.

Mombasa ilinishika na mchele. Nairobi korido ya mchele huisha kabla hujaanza kutembea: kuna pishori ya Mwea ya wenye mshahara umeingia, na kuna ile ingine. Mombasa mchele ni ukuta mzima. Kuna wa biriani, kuna wa pilau, kuna wa wali wa nazi wa kila siku, na kuna ule wa Mbeya wenye mama ataumimina kiganjani, aupapase, aunuse, alafu aurudishe akisema si wenyewe. Chini ya mchele zimelala tambi, zile nyembamba za kupikwa na sukari na iliki. Huku kwetu tambi hukaa hapo adi unaeza andika jina kwa vumbi yake. Mombasa ukichelewa kujaza utapigiwa kelele na watu wazima.

Tui la nazi wako nalo la pakiti, la mkebe, ata la unga, na yote yako chini, juu wenyeji hawayaamini. Kuna mama alinipata nikiyapanga, akacheka. “Mwanangu, haya ni ya nani?” Nikamshow ni ya kurahisisha mapishi. “Basi warahisishie hao wa hoteli,” akasema, akaenda zake kununua nazi mbili nzima akazikune nyumbani na mbuzi. Mbuzi ni kale kastuli kako na meno ya chuma, si wale wa Kiamaiko, msije mkachanganyikiwa.

Ramadhani ndio supa ya Pwani hugeuka juu chini. Tende zinatoka kule magotini zinapanda adi mlangoni, zimepangwa mnara. Unga wa ngano wa kaimati unaisha mapema, na wewe machandaiza wa unga siku hizo hulali. Na kuna Vimto. Hii sharbati ilianzia Manchester, Uingereza, mwaka wa 1908, ikashikana na Ghuba adi ikawa kinywaji cha kufuturu huko, na Mombasa, yenye imefanya biashara na Ghuba tangu enzi za majahazi, inajua maneno yake. Peleka chupa hizo hizo Githurai mwezi huo huo, utazitoa zikiwa zimeexpaya. Zipeleke Eastleigh ama South C, zitaenda.

Lakini vitu tamu kabisa za Mombasa haziko supa. Ziko Marikiti, ile soko ya Mackinnon pale Digo Road, zimejaa kwa ndoo na kwa mitungi: achari ya embe, achari ya ndimu, ubuyu mwekundu wa kuacha ulimi umepigwa rangi. Toka nje kidogo, kuna msee anakaanga krispi za muhogo kwa karai kubwa, anazinyunyizia pilipili na ndimu zikiwa bado zinachoma. Ukizila ukiwa umesimama hapo, ile pakiti ya krispi za viazi ya supa haikuambii kitu tena.

Nilienda kwa mama mmoja wa achari. “Shikamoo mama, niwekee ya embe ya soo.”

“Marahaba. Wataka nikutilie ndani ya nini?”

Sikuwa na chombo. Akaingiza mkono chini ya meza, akatoa chupa ya mayonezi yenye imeoshwa adi inang'aa, akapima na kijiko kirefu cha mbao, akagongagonga chupa ili mafuta yashuke, alafu akanipigia hesabu ya achari na ya chupa. “Zamani ningekufungia kwenye nailoni ukenda zako,” akasema. “Sasa kila mtu aje na chombo chake.”

Hapo ndio nilianza kuelewa ile sheria. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na mimi siwezi teta, mitaro ya Eastlands tunaijua venye ilikuwa. Lakini cheki venye kisu kilipita. Pakiti ya kiwanda, yenye bidhaa inafungwa na mashine pale pale inatengenezewa, iliachwa. Kale kanailoni ka kufungwa na mkono ndio kalienda. So krispi za kiwanda zikabaki kwa shelfu na jina na barkodi yao, alafu njugu za kufungwa na moto wa mshumaa, ubuyu wa kupimwa na kijiko, na ile ice ya nailoni tulikuwa tunanyonya tukitoka shule, zikaanza kuuzwa kimya kimya ama zikahepa kabisa. Watu husemanga ati watoi wa siku hizi hawapendi vitu za kitambo, wanataka soda na keki za pakiti. Kwani wamepewa? Mtoi wa darasa la nne leo hajawahi ng'ata kona ya ice ikamwagikia sweta. Unasemaje haipendi?

Kisumu nayo ilianza na rangi. Nairobi unga ya ugali ni nyeupe pe, imechekechwa adi haina roho. Kisumu shelfu ya chini iko na kahawia: mtama, wimbi, muhogo, na zile zimechanganywa. Msee anaweka kwa basket moja nyeupe ya watoi na kahawia ya mzae, na hakuna mtu anaona ni maneno. Hizo pakiti Nairobi pia ziko, lakini huku zimewekwa kwa kona ya vitu za afya, karibu na chai ya majani ya ajabu, na bei imevaa suti. Mtama ile ile! Huko ni chakula, huku ni dawa ya msee ameambiwa na daktari apunguze mwili.

Managu pia ilipitia hiyo maneno. Wazae wanakumbuka ikiwa mboga ya kuchumwa tu nyuma ya nyumba. Leo supa zingine za huku inakaa kwa trei, imefungwa vizuri, kidogo ya kulisha mtu na nusu. Kisumu nilikuta mama ako na osuga (managu ya huko), dek, apoth na mito kwa meza moja, na hakuuzii moja bila kukuuliza utaichanganya na gani, juu kwake kuna yenye inapunguza uchungu wa ingine, kuna yenye inateleza na kuna yenye haiwezi kaa bila maziwa. Nilienda kununua mboga nikapewa somo, alafu nikapewa mboga.

Samaki ndio iliniuma. Friji ya samaki kwa supa ya Nairobi inatembea. Ya Kisumu nilikuwa naionea huruma, juu Dunga iko hapo tu, na mtu ananunua samaki macho bado yanameta. Lakini soko ya huko, karibu kabisa na ziwa, kuna tilapia ya barafu kutoka China. Si siri, 2018 ilikuwa kwa habari mara mob. Samaki wa ziwa wamepungua, wa China ni bei ya chini, na kibanda lazima kipike. Nikauliza mama mmoja mbona asiuze ngege, tilapia ya ziwa yenyewe. “Nyathina,” akaniambia, “ngege iko. Pesa yake uko nayo?” Nikanyamaza.

Omena bado ni yao. Na omena iko na daraja, wacha mtu asikudanganye. Huku Nairobi omena ni omena: inapimwa, iko na mchanga, unaosha maji tatu. Kibuye watu wanaishika kiganjani, wanaipuliza, wanavunja kichwa moja, wanauliza kama ilikauka na jua ama ilinyeshewa. Yenye imekauka vizuri iko na ule mng'aro wa fedha. Yenye ilipatwa na mvua ikiwa imeanikwa inageuka manjano, inanuka vingine, na kwa kawaida huishia kwa chakula cha kuku. Mama wa hapo alishika kiganja ya hiyo ya manjano akanitazama, akacheka, “Hii tunawatumia nyinyi wa Nairobi.” Alikuwa anajoki. Nadhani.

Eldoret sijawahi pangwa, nilipita tu, lakini mursik ya chupa nimekutana nayo, na maoni yangu ni haya: ile tamu ni ya sotet, kibuyu yenye imesuguliwa ndani na mkaa wa mti wenyewe, adi maziwa inatoka na rangi ya majivu na harufu ya moshi. Wakimbiaji wakirudi na medali hupewa hiyo pale uwanja wa ndege, na hakuna mtu huwapea chupa ya plastiki. Ukambani kuna muthokoi, mahindi yenye imetolewa ngozi, na machandaiza wa Machakos anaijaza kila siku wakati wa Nairobi anaeza maliza wiki hajaigusa. Eastleigh maziwa ya ngamia hufika kwa mitungi, imesafiri na basi kutoka Isiolo, na watu wameshaingoja. Hiyo haijawahi hitaji shelfu.

Sasa tuje kwa zenye zimepotea, juu hapo ndio kila mtu ako na kilio chake.

Mathe yangu analilia maziwa ya Nyayo. Moi aliianzisha 1979, maziwa ya bure kwa shule za msingi, na mathe anasema ilikuja kwa kapakiti ka pembe tatu, na ukimaliza unakaweka chini, unakaruka, kanalia paaa! adi mwalimu anatoka ofisini. Miaka ya tisini ikaisha pole pole. Mimi sikuigusa. Nikimuuliza ladha ilikuwa aje, anaanza kuniambia story ya deski na ya rafiki zake, ladha hafiki. Buda analilia mkate wa Elliots. Auntie yangu analilia Tree Top, na kwa Tree Top mimi nakataa kulia na yeye. Ilikuwa sukari na rangi ya machungwa, unachanganya na maji. Na walikuwa wanaionja lini? Krisi, ama mgeni wa maana akija. Chochote unakunywa Krisi pekee kitakuwa kitamu milele.

Zingine sijui tunalia nini, ziko. Big G, ile chingamu, bado iko kwa duka, na bado inaisha utamu kabla hujafika stage.

Lakini kuna zenye zilipotea kwa njia yenye mtu wa mboka yangu anaielewa, na hazikuisha juu ulimi wa Mkenya ulichoka. Cheki sukari ya Mumias. Ile pakiti ilikuwa kila nyumba, Mombasa adi Malaba. Septemba 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu na benki yenye ilikuwa inaidai, na hiyo ilikuja baada ya miaka ya shida, mkulima hajalipwa, miwa inakauka shambani. Shelfu haikukaa wazi hata siku moja, wenzangu wa brandi zingine walishajaza hilo shimo. Hivyo ndio hufanyika. Na mtu wa Mumias yenyewe akaanza kununua sukari ya kwingine na miwa iko nje ya dirisha lake.

Alafu supa zenyewe. Wasee wengi hawajui hizi supa kubwa mob ziko na mizizi Nakuru. Nakumatt ni Nakuru Mattresses, walianza na magodoro. Tuskys na Naivas zilianzia Rongai, ile ya Nakuru, si hii ya Kajiado yenye nganya zinachizi. Quickmart pia ni ya Nakuru, 2006. Uchumi ndio haikutoka huko, hiyo ilianzishwa na mashirika ya serikali mwaka wa 1975. Ukihesabu zenye zimeanguka hapo, ni Uchumi, Nakumatt na Tuskys. Uchumi ilifunga branchi za Uganda na za Tanzania 2015, wadai wa Nakumatt wakapiga kura Januari 2020 ivunjwe, na Tuskys ikaanza kukosa bidhaa mwaka huo huo. Mliona shelfu zikipangwa pakiti moja moja mbele ili zikae zimejaa? Hiyo tunaita kuvuta uso. Unavuta uso wa shelfu moja, sawa. Ukivuta uso wa supa mzima, msee wangu, anza kutafuta mboka ingine.

Na zote tatu ziliacha deni ya mabilioni kwa watu wenye waliwaletea mizigo. Hapa ndio kitu chako cha kitambo kilipotelea. Ukileta bidhaa kwa supa hulipwi siku hiyo. Unaacha mzigo, unaacha invoisi, unaenda kungoja siku 60, siku 90, na kama supa iko na shida unangoja adi usahau. Kiwanda kikubwa kikikosa kulipwa kinakohoa. Lakini yule wa asali ya Kitui, yule wa siagi ya njugu ya Busia, yule mama mwenye alikuwa ametafuta stempu ya ubora ya KEBS na barkodi miaka mbili ndio aingie hiyo shelfu ya chini, huyo invoisi moja ikikwama ameisha. Hawezi nunua njugu za kesho. Alafu wewe unaingia supa ingine miaka tatu baadaye, unauliza mfanyikazi, “Ile siagi ya kifuniko ya kijani ilienda wapi?” na yeye, mtoi wa juzi, anakuangalia hivi. Anakupeleka kwa ya shelfu ya macho.

Hiyo ndio maneno yangu yote kwa hii kitu. Watu wanapenda kusema tumekuwa wa kisasa, tumesahau chakula ya wazazi. Mimi naona ikiombwa kila siku. Naombwa mimi, nikiwa nimepiga goti hapo, na shosh wa Kikuyu anatafuta njahi, na dame wa Kisii anatafuta unga ya wimbi yenye haijachanganywa na sukari, na msee wa Lamu anauliza kama tui liko, ata kama anajua atalisema vibaya akifika nyumbani. Wateja wako. Njia ya kuwafikia ndio imezibwa na karatasi, na deni, na nailoni, na bei ya lori.

So wasee wametafuta njia ingine, na hiyo njia ni basi. Enda pale mabasi ya Magharibi hushukisha Nairobi asubuhi mapema, kabla tao haijaamka vizuri. Buti inafunguliwa, na kabla sanduku ya mtu itoke, zinatoka gunia. Kuna katoni ya sabuni imefungwa na kamba ya katani, imeandikwa jina na nambari ya simu na penmaka, imetobolewa mashimo, na ndani kuna jogoo ako na maoni. Kuna ndoo ya rangi imejaa omena. Kuna mkungu wa ndizi ya Kisii umevalishwa gunia. Msee wa paseli anaita majina, watu wanasukumana, kila mtu anaonyesha ujumbe kwa simu kuthibitisha ni yeye. Hakuna barkodi hapo. Mathe ako ushago amepiga simu jana, “Nimekutumia kitu na basi ya saa mbili,” amekataa kusema ni nini, na wewe umepanda mathree kutoka Umoja adi tao kuchukua kitu hujui kama ni viazi ama ni bata.

Ya Mombasa iko hivyo pia, siku hizi hata kwa treni. Tangu Madaraka Express ianze 2017, behewa ya kurudi Nairobi Jumapili unaijua na pua. Kila mtu ako na mkebe ya kitu. Watoi midomo nyekundu ya ubuyu. Kuna buda amebeba chupa za achari kwa mapaja masaa yote hayo juu haamini kuziweka juu kwa mizigo, na mimi naelewa, juu zile chupa za mayonezi vifuniko vyake havishikani.

Na mipaka pia inaingia hapo. Kitunguu na machungwa mob tunakula Nairobi ni ya Tanzania, inapitia Namanga, hakuna mtu huuliza kitunguu pasipoti. Mayai na ndizi ya Uganda inajulikana Busia adi Gikomba. Lakini ukiwa kwa pakiti na uko na jina, serikali inakuona: mwanzo wa 2020 maziwa ya Lato ya Uganda ilishikwa ikiwa huku, na wenzangu wa maziwa wakapanga upya friji mzima kwa siku moja. Chakula bila jina inavuka kirahisi kuliko yenye iko na jina. Fikiria hiyo maneno ukiwa na wakati.

Kama uko Nairobi na unatafuta kitu ya kwenu, usianze na supa. Enda Nyamakima. Maduka za nafaka ziko hapo zimepangana, gunia zimekunjwa mdomo, njahi kando ya ndengu, mbaazi kando ya njugu, maharagwe ya rangi zote, muthokoi ukiuliza, na mwenye duka anajua watu wa wapi wanataka gani kabla ufungue mdomo. Bei inaenda na msimu, bargain bila aibu. Hapo wanapima na gorogoro. Hiyo mkebe asili yake ni Kimbo na Kasuku ya kilo mbili. Kimbo yenyewe ilitoka kwa Unilever ikaenda kwa Bidco 2002, mafuta ikahamia plastiki, lakini mkebe ulibaki sokoni ukifanya kazi ya mizani, na nchi nzima inauelewa.

Kitu moja tu. Kabla apime, omba ile gorogoro uishike, uigeuze. Kama chini imebonyezwa ikaingia ndani, hapo umeshaibiwa vijiko kadhaa kabla hata ajaze. Mwambie akupimie na ile ingine iko nyuma yake. Atakasirika, atasema wewe ni mtu wa maneno mingi. Atakupimia.